Namna ya kumtambua nondo Anaphe panda na kumpanga mahali pake

Nondo mweupe mwenye manyoya mengi akitua kwenye shuka la taa, wengi humtupa haraka kwenye Lymantriinae, kundi jingine la nondo wenye manyoya, na kuendelea na kazi. Kwa Anaphe panda hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Rangi hudanganya, mishipa ya bawa haidanganyi.

Anza na sura. Bawa la mbele ni jeupe la krimu, lenye ukingo na mistari ya kahawia iliyokoza inayokatiza bawa. La nyuma ni la krimu tupu. Papasi zina matawi pande zote mbili, mfano wa kitana. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ncha ya tumbo lake ina shada zito la manyoya anayofunikia mayai. Mdomo wake umedumaa, hali chochote akishakuwa nondo, kwa hiyo usipoteze ndizi zilizochacha kumtegea. Tumia taa na shuka jeupe.

Ukimpata, muweke kwenye friza kwa saa 24. Akishakauka na kuwa mgumu, mfungie kwenye kopo lenye sponji yenye unyevu siku moja au mbili, pamoja na matone machache ya dawa ya kuzuia ukungu, ndipo umtandaze. Ukimlazimisha akiwa mkavu, mabawa huvunjika shinani.

Sasa mishipa. Geuza bawa la mbele upande wa chini na udondoshee tone la ethanoli ya asilimia 70 kwa brashi nyembamba. Maji hayafai, huteleza juu ya magamba. Mishipa itaonekana kwa sekunde chache kabla ethanoli haijakauka, hivyo lenzi ya mara 10 iwe tayari mkononi. Hesabu mishipa inayochipuka kuelekea kona ya nyuma ya ile seli kubwa ya kati. Ikiwa mitatu, na ule unaofuata umejitenga katikati ya ukingo wa seli, uko kwenye Notodontidae, familia ya Anaphe. Ukiona minne imesongamana, huyo si wa Notodontidae; huenda ni wa Erebidae, familia ambamo Lymantriinae wamo. Mara nyingi anayehesabu vibaya ameacha magamba yafunike mshipa, rudia tone.

Mpangilio wake basi ni huu: familia kuu Noctuoidea, familia Notodontidae, familia ndogo Thaumetopoeinae, jenasi Anaphe Walker, 1855. Vitabu vya zamani huipa Thaumetopoeidae hadhi ya familia kamili, usishtuke. Jina kamili ni Anaphe panda (Boisduval, 1847), na mabano hayo usiyafute, kwani yanaonyesha kuwa mwanzoni aliwekwa katika jenasi nyingine: Boisduval alimwelezea miaka minane kabla jenasi Anaphe haijatungwa. Maandiko ya hariri ya Uganda ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanamtaja Anaphe infracta. Jina hilo leo huwekwa chini ya panda.

Michoro ya mistari hubadilika, na A. reticulata humkaribia sana. Ukibaki na shaka, chunguza viungo vya uzazi. Kwa jike, ondoa kwanza lile shada, kwani nywele huelea na kuziba kila kitu. Kata tumbo, lichemshe katika potasi haidroksaidi ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, chupa ikiwa ndani ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ukizidisha, utando laini huyeyuka. Vaa glavu na miwani.

Kiota husaidia kuliko watu wanavyodhani. Viwavi hujifungia pamoja katika mfuko mmoja wa hariri ya kahawia, kila mmoja na kifukofuko chake ndani. Huko Kakamega, Kenya, utafute kwenye mti wa Bridelia micrantha. Nywele zilizobaki ndani huwasha vibaya hata nondo wakishatoka, kwa hiyo fungua nje ukiwa umevaa barakoa. Kiota na nondo vipewe namba moja, na lebo ibebe mahali, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji na mti.