Jinsi ya kujifunza gita kwa simu, ila kwa akili ya enzi za kaseti

Juzi mpwa wangu kaja na gita jipya, gita kavu la bei ya chini, kakaa kwenye kochi, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, anaangalia video. Jamaa wa kwenye video anasema weka kidole hapa, naye anaweka, weka kile pale, naye anaweka, dakika ishirini hivi dogo anapiga kitu kinasikilizika kabisa. Nikamwambia haya, zima simu upige tena. Akashindwa. Na sio kwamba vidole vilisahau njia, alichokosa ni wimbo wenyewe kichwani, hakuwahi kuusikiliza mpaka mwisho hata mara moja.

Mi nilianza 1989, gita moja vijana watano, na shida yetu ilikuwa kinyume kabisa, nyimbo tunazo kichwani mpaka tunaziota, gita ndo hatuna. Sasa haya naandika kwa anayeanza leo, ana simu, ana bando la kuungaunga, ana gita lake mwenyewe ambalo hakuna wa kumnyang'anya. Simu usiitupe, simu ni mali. Ila kuna sehemu inakusaidia na kuna sehemu inakufanya kiziwi, na hizo ndo nataka tuziangalie.

Gita kwanza

Zamani mpigaji mwenyewe alikuwa hana gita. Vyombo ni vya bendi, na bendi ni ya chama au shirika, kama NUTA Jazz iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, kwahiyo mtu akihama bendi anaondoka na vidole vyake tu. Kijana anayetaka kujifunza anabeba spika, anakunja waya, anafagia ukumbi, anasubiri wakubwa waende kula ndo ashike gita la rizimu, lile la kusindikiza, dakika kumi. Na kabla ya hapo utotoni alishatengeneza galatoni, gita la kujitengenezea la kopo la mafuta na kipande cha ubao, nyuzi kachambua kwenye waya wa breki ya baiskeli (ya mtu, mara nyingi, na fimbo ilifuata).

We leo unaingia dukani unachagua, ila usichague rangi. Bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani), na mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na sanduku, afu uangalie kwenye freti ya 7, kati ya uzi na chuma cha freti pawe na uwazi mdogo tu kama karatasi nene inapita. Ukiwa mkubwa sana shingo imepinda. Halafu achia, angalia freti ya 12, uzi ukiwa juu milimita 2 mpaka 3 hapo sawa, ukiona 5 rudisha gita ukutani, hilo litakukata vidole na utajiona huna kipaji kumbe gita ndo bovu. Piga kila uzi freti kwa freti usikilize kama kuna inayokoroma.

Kama ni gita la nyuzi za nailoni usije ukaliwekea nyuzi za chuma, hata muuzaji akikuapia. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kubwa zaidi na kile kibao kinachoshika nyuzi pale chini kitang'oka, nimeshaona magita mawili yamekufa hivyo. Na sisi wa pwani futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, jasho na chumvi ya hewani vinazila haraka. Usiliache kwenye gari juani, gundi inalegea.

Kutuni bila kudanganywa na simu

Programu za kutuni ziko bure na ziko sahihi, sibishani. Tatizo mtu anatuni mwaka mzima kwa kuangalia mshale ukiwa kijani, masikio hayajawahi kufanya kazi hata siku moja, siku gita likiwa limetoka kidogo katikati ya wimbo yeye hasikii, wote tunasikia yeye tu hasikii.

Fanya hivi. Simu ikupe uzi wa tano peke yake, ile A. Iliyobaki tafuta mwenyewe. Uzi wa sita ukiubana freti ya 5 unatoa sauti sawa na uzi wa tano ukiwa wazi, kaza au legeza wa sita mpaka ziwe moja. Wa tano freti ya 5 ni sawa na wa nne, wa nne freti ya 5 ni sawa na wa tatu, hapa angalia, wa tatu ni freti ya 4 ndo sawa na wa pili, afu wa pili freti ya 5 sawa na wa kwanza. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kufika utasikia sauti inatetemeka wau wau wau, jinsi unavyokaribia tetemeko linapungua kasi mpaka linalala. Likilala umefika. Maliza afu ndo uwashe simu ikusahihishe. Wiki mbili tatu utashangaa.

Kunyonya wimbo kwa sikio

Hapa nitakaa kidogo sababu ndo penyewe.

Enzi zetu unakaa na redio kaseti, vidole viwili juu ya vitufe unasubiri RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, wapige wimbo unaoutaka, ukianza unabonyeza, na mtangazaji naye anaingia kuongea juu ya solo la mwisho, ile sehemu uliyoisubiri wiki nzima! Basi unachukua kilichopatikana. Unarudisha nyuma sekunde tano, unasikiliza, unatafuta kwenye gita, unarudisha tena, mkanda unaanza kuchoka. Betri zikiisha nguvu wimbo unapungua mwendo na sauti inashuka, unakuta jana ulikuwa C leo uko B na gita hujaligusa. Waliokuwa na sahani za santuri walikuwa na ujanja wao, sahani ya mizunguko 45 unaipiga kwenye 33, solo linapungua kasi ila linashuka kama nusu sauti tano hivi, kwahiyo unalikopi kule chini afu unalipandisha mwenyewe. Ndo walivyokuwa wanawanasa wapiga solo wakubwa kina Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania na Dr Nico wa Kongo, hakuna aliyewaonyesha vidole viko wapi.

Leo YouTube unaweka spidi 0.5 na sauti haishuki kabisa, inabaki palepale. Hii kitu sisi tungelia machozi. Sasa itumie hivi.

Chagua wimbo mmoja. Mmoja, sio kumi. Uhifadhi kwenye simu usile bando kila siku. Siku tatu za mwanzo gita usiliguse, sikiliza tu, barabarani, jikoni, mpaka uweze kuimba sio maneno bali besi, dum dum, besi ndo itakwambia kodi zinahama wapi (kodi za gita naongelea, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zile za TRA ni mada nyingine). Siku ya nne chukua gita, uimbe ile sauti ya kwanza ya besi, uitafute kwenye uzi wa sita freti moja moja. Ukiipata, hapo pana uwezekano mkubwa ndo nyumbani kwa wimbo. Endelea besi yote hivyohivyo. Kisha jaribu kodi juu yake, kubwa (meja) au ndogo (maina), sikio litakataa lenyewe ukikosea.

Ndo uende kwenye solo, vipande vya sekunde nne, spidi ya nusu, unaimba kwanza kwa mdomo afu unatafuta. Ukishindwa kuimba kipande huwezi kukipiga, usijidanganye. Ukimaliza wote au ukikwama siku mbili mahali pamoja, hapo sasa fungua video ya anayefundisha, uone yeye kaweka wapi. Utakuta sehemu nyingine umepata sauti sahihi ila kwa vidole vya mateso, yeye kapita njia fupi. Hapo video inakufundisha kweli, sababu una swali.

Angalizo kwa nyimbo za zamani: rekodi nyingi zimepita kwenye mikanda mpaka zikafika mtandaoni, utakuta wimbo hauko C wala C kali (C#, nusu sauti juu yake), uko katikati. Sikio lako zima, usilitukane. Tuni gita lifuate wimbo.

Rizimu kabla ya solo

Vijana wa saivi wanajifunza peke yao chumbani kwahiyo wote ni wapiga solo. Ukiwakutanisha watatu unapata solo tatu zinagombana. Kwenye dansi kijana alikuwa anaanzia rizimu, na anaweza kukaa hapo miaka.

Anza na A, D na E, ni rahisi kushika, hakuna ya kubana shingo nzima. Piga A mapigo manne, D manne, E manne, rudi D manne, afu A tena, zunguka. Huo mzunguko umebeba nyimbo nyingi sana za rumba na dansi. Sheria ni moja tu, mkono wa kulia hausimami. Kodi ikichelewa, mkono uendelee, piga hata nyuzi zilizofunikwa, ukisimama kusubiri kidole ushaua wimbo. Weka metronomu ya simu, ile programu ya kugonga mapigo, taratibu kabisa, mapigo 60 kwa dakika hivi, dakika kumi kila siku.

Ukizoea weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, freti ya 3, vidole vilevile vya A, D, E sasa vinatoa C, F, G. Kapo huna? Penseli na mpira wa kufungia, ifunge kwa kukaza, wazee walitumia hivyo. Mwenzako akipiga C, F, G bila kapo na we una kapo, tayari mna magita mawili kwenye wimbo mmoja na hayafanani. Mwenzako hayupo? Simu tena. Jirekodi rizimu dakika tano, afu jipigie juu yake. Hii mi naona ndo faida kubwa kuliko video zote, sababu zamani mtu alikuwa anajisikia siku bendi ikienda kurekodi redioni, tena wote wanapiga kwa pamoja, na hapo ndo anagundua anakimbia.

Ukitaka ule mlio wa gita la katikati la Wakongo, mi-composé, toa uzi wa nne uweke uzi mwembamba kama ule wa kwanza, uutuni D ya juu, oktavu moja zaidi ya ile ya kawaida. Kodi zilezile zitaanza kumeremeta. Ila kaza taratibu, uso uweke mbali.

Kuna na mtindo wa gita kavu wa vidole viwili, dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga alikuwa anapiga hivyo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey akamrekodi 1952, na ni Kiswahili kaimba. Kule magharibi ya Kenya George Mukabi akawa na mtindo wa omutibo, gita moja na mtu anagonga chupa ya Fanta. Jaribu gumba peke yake wiki nzima, lipige besi bila kuangalia, ndo shahada aingie.

Sitaki uone zamani ilikuwa peponi. Mzee mmoja mtaani kwetu akituona tunamkodolea vidole anageuka mgongo, anamaliza solo akiangalia ukuta. Kuna makosa ya mkono wa kushoto nimekaa nayo miaka kumi sababu hakuna aliyeniambia kifundo nimekipinda vibaya. Kwahiyo ukipata mtu wa kukaa naye ana kwa ana hata mara moja kwa mwezi, nenda, na ukiwa na nafasi ya chuo kabisa, chuo cha sanaa Bagamoyo kinafundisha tangu 1981 na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy).

Mpwa wangu nimempa wimbo mmoja na siku tatu bila gita. Alinuna. Jana karudi, besi anaiimba yote, rizimu anaipiga, D inamchelewa lakini mkono hausimami. Uzi wa kwanza ukamkatikia katikati, akaendelea na tano zilizobaki. Kasema Jumamosi anakuja na rafiki yake mwenye gita la besi, sasa nawaza spika tutaichomeka wapi maana ekstensheni iko moja na ni ya friji.