Jinsi ya kusajili kikundi cha majirani cha kujiandaa na mafuriko

Sisi wa sehemu ya chini ya mto Tana, kuanzia Hola kushuka Garsen hadi vijiji vya delta, hufurikiwa hata siku ambazo kwetu hakuna wingu. Mvua hunyesha nyanda za juu, bwawa la Masinga hujaa na kumwagika, na baada ya siku kadhaa mto unapanda mlangoni. Siku hizo kadhaa ndizo za kufanyia kazi, na kazi hiyo yataka kikundi. Utaratibu wa usajili nitakaoueleza ni wa Kenya nzima; mifano ndiyo ya huku kwetu.

Majirani wanaweza kuhamishana bila cheti, na wamefanya hivyo tangu zamani. Kasoro huja kwenye mali. Mtumbwi ulionunuliwa kwa mchango bila kikundi kilichosajiliwa huishia kuwa wa yule anayeufunga kwake, na benki haitawafungulia akaunti kwa jina la kikundi.

Anzeni na daftari la nyumba. Wengi hukimbilia kuchagua mwenyekiti. Ngojeni. Pitieni nyumba kwa nyumba mkiandika: watu wangapi, nani hawezi kutembea, nani mjamzito, nani anakunywa dawa kila siku, nani ana mtumbwi, pikipiki au simu yenye chaji. Mstari mmoja wa daftari letu unasomeka hivi: “Nyumba ya 14, karibu na mkwaju. Watu 6. Bibi hatembei, abebwe na vijana wawili. Mbuzi 9. Hawana simu, ipigiwe nyumba ya 15.” Usiku wa maji, mstari huo unafaa kuliko katiba nzima. Mbuzi msiwadharau: watu wengi hukataa kuhama kwa sababu yao.

Mwoneni mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu. Kama Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani kulindana, inafanya kazi kwenu, pitieni humo humo, msianzishe uongozi wa kushindana nao. Mwombeni naibu wa chifu awapangie siku ya mkutano, maana akiitisha baraza yeye, watu huja.

Mkutano wa kuunda kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu awe mtu anayeandika vizuri, hata kama si msemaji, kwa kuwa kumbukumbu za mkutano huu ndizo zitakazosomwa ofisini. Uamuzi wa kujisajili lazima uonekane wazi ndani yake, kwa mfano:

“Ajenda ya 3. Wanachama waliohudhuria wamekubaliana kuunda kikundi cha kujiandaa na mafuriko na kukiombea usajili. Pendekezo limetolewa na …, limeungwa mkono na …”

Chini yake ziwekwe sahihi za viongozi na orodha ya waliohudhuria. Hapa ndipo sisi tuliporudishwa. Katibu wetu aliandika majina tunayoitana kijijini, Mama fulani na Baba fulani, na hakuna hata moja lililolingana na kitambulisho. Nauli ya kwenda na kurudi ikapotea. Andikeni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na namba yake kando.

Katiba. Kurasa mbili tatu zatosha: jina la kikundi, madhumuni, nani anaweza kujiunga, uchaguzi ni lini, pesa zinatolewa kwa sahihi za nani, na kikundi kikivunjika mali inakwenda wapi. Kipengele hicho cha mwisho watu huona haya kukijadili, kana kwamba wanajitabiria mabaya. Kijadilini mkiwa bado mnapendana.

Ofisini. Nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu mkiwa na kumbukumbu, katiba, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Mtajaza fomu ya maombi huko huko. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, namba ya malipo 222222, kwa hiyo asiwepo mtu wa kupokea pesa mkononi. Tunzeni ujumbe wa malipo. Piga nakala ya kila karatasi kabla ya kuikabidhi.

Cheti kikitoka, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, ikiwezekana wasiotoka nyumba moja. Mpelekeeni chifu nakala ya cheti na majina ya viongozi, ili tahadhari ikitoka ajue wa kumpigia. Tazameni tarehe ya mwisho ya cheti na mkihuishe mapema. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Iandikeni kwa rangi ukutani penye watu wengi.

Kisha fanyeni zoezi, na lifanywe usiku. Sisi mchana tulifika mahali pa juu bila shida. Usiku tukagundua kwamba filimbi haisikiki ng'ambo ya migomba, tukaomba spika ya msikiti. Daftari la nyumba liwe na nakala mbili ndani ya mfuko wa plastiki, moja kwa katibu, na ya pili kwa jirani ambaye nyumba yake iko juu, mahali ambapo maji hayajawahi kufika.