Ng'ombe Akitupa Mimba, Usiguse kwa Mikono Mitupu

Ng'ombe akitupa mimba iliyopita miezi 5, chukulia kuwa ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza mifugo na watu, mpaka vipimo viseme vingine. Mimba huharibika kwa sababu nyingi, lakini tahadhari hii haigharimu sana, na kuipuuza kunaweza kuambukiza zizi zima pamoja na watu wa nyumbani.

Bakteria wa ugonjwa huu hujaa kwenye kitoto kilichotoka, kondo la nyuma na majimaji ya uzazi. Ng'ombe wenzake huambukizwa kwa kuvilamba au kula majani yaliyochafuliwa. Mtu huambukizwa kupitia michubuko mikononi, hasa anapovuta kondo lililogoma kutoka, au majimaji yakimrukia machoni. Vaa glavu ndefu na buti, funika macho na mdomo. Wajawazito na watoto wasisogee. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue sampuli kwanza, kisha zika mabaki yote kwenye shimo refu, mwagia chokaa na ushindilie udongo, maana mbwa akifukua kondo na kuliburuta hadi malishoni, kazi yote imeharibika. Matandiko yachome. Jua kali huwaua bakteria hawa upesi, ila penye kivuli na unyevu huweza kuishi miezi.

Kinachowaponza wafugaji wengi huja baadaye. Ng'ombe huyo kwa kawaida hutupa mimba mara moja tu. Akipandwa tena huzaa ndama mzima, anakamuliwa, na mwenye naye anaamini amepona. Hajapona. Anaweza kuendelea kutoa bakteria kwenye maziwa na kila anapozaa, na kumchoma antibiotiki si tiba ya kutegemea. Kipimo cha damu kikithibitisha, mtenge, kisha aondolewe kundini kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Nakusihi usimpeleke mnadani kama ng'ombe wa kufuga. Unamuuzia mfugaji mwenzako hasara, na pengine ugonjwa wa wanawe.

Nawe ukinunua, pima kwanza, mtenge mgeni walau siku 30, upime tena kabla hajachanganyika na wengine. Dume la kuazima lipimwe pia. Kende zilizovimba ni dalili mbaya.

Mitamba huchanjwa mara moja kwa chanjo ya S19 wakiwa na miezi 3 hadi 8. Madume hawachanjwi, wala ng'ombe wenye mimba. Mwachie mtaalamu kazi hiyo, kwani chanjo yenyewe ina bakteria hai, na sindano ikimteleza mchomaji inaweza kumwambukiza.

Maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha; uchachu peke yake hautoshi. Mtu wa nyumbani akipata homa inayoondoka na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, amweleze tabibu kwamba mnafuga, kwa sababu brusela mara nyingi hudhaniwa ni malaria na kutibiwa hivyo. Dawa zake kwa kawaida humezwa wiki 6, na zimalizwe zote hata kama homa imekwisha katika wiki ya kwanza.