Jinsi ya Kupima Mwanga wa Vibanzi vya Sumaku ya Tabaka

Mwongozo huu unahusu CrSBr, fuwele ya kromi, salfa na bromini iliyojengwa kwa tabaka nyembamba, ambayo ni semikondakta (hupitisha umeme kwa kiasi tu) na sumaku kwa wakati mmoja. Nimeichagua badala ya CrI3 (ya kromi na iodini), iliyovuma mwaka 2017 ilipothibitishwa kuwa hata tabaka lake moja peke yake hubaki kuwa sumaku, kwa kuwa CrI3 huharibika upesi ikikutana na hewa, na mwanga inaoutoa ikimulikwa kwa leza, wenye nishati ya karibu elektronivolti 1.1, haunaswi vyema na kamera za silikoni. CrSBr hustahimili hewa, na mwanga wake wa takriban elektronivolti 1.36, yaani karibu nanomita 910, bado unanaswa na kamera hizo.

Bandika kipande kidogo cha fuwele kwenye selotepu, uikunje na kuifungua mara kadhaa, kisha uikandamize juu ya silikoni iliyofunikwa kwa oksidi na kuivua taratibu. Chini ya hadubini utaona vibanzi virefu na vyembamba kama njiti, na umbo hilo lina faida kubwa: upande mrefu ndio mhimili a wa fuwele, na upande mfupi ndio b. Tabaka moja lina unene wa karibu nanomita 0.8. Rangi ya kibanzi hudokeza unene wake, lakini thibitisha kwa hadubini ya nguvu za atomu, inayopapasa uso kwa ncha nyembamba.

Sumaku ya fuwele nene hujipanga chini ya kelvini 132, kwa hiyo naitrojeni kimiminika, iliyo kwenye kelvini 77, inatosha kuanzia, ingawa mistari ya spektra (mchoro wa nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi) huwa myembamba zaidi ukishuka hadi kelvini 4 kwa heli. Tumia leza ya kijani au nyekundu, na uweke kichujio kinachoizuia isiingie kwenye spektromita, kifaa kinachochora spektra hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani leza kali hupasha kibanzi joto huku kipimajoto kilicho pembeni kikiendelea kusoma 77. Punguza nguvu ya leza kwa nusu: kilele cha spektra kikisogea au kikibadilika upana, leza ilikuwa kali mno, nawe endelea kuipunguza hadi kitulie.

Zungusha polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema kwenye mwelekeo mmoja) mbele ya spektromita. Mwanga utakuwa mkali kabisa kwenye mwelekeo wa b na karibu kutoweka kwenye a. Naomba msomaji asiharakishe kuuita huu ushahidi wa usumaku, kwa sababu hali hiyo hutokana na mpangilio wa atomu, na huendelea hata juu ya kelvini 132.

Ushahidi wenyewe hupatikana kwa uga wa sumaku. Bila uga, tabaka zinazopakana huelekeza spini zao (sumaku ndogo za elektroni) pande zinazopingana, na elektroni hazivuki kwa urahisi kutoka tabaka moja hadi jingine. Ongeza uga polepole kwenye mhimili b: kabla ya kufika tesla 1, spini hugeuka ghafla na kuelekea upande mmoja, njia ya elektroni hufunguka, nishati ya eksitoni (elektroni iliyofungamana na tundu iliyoliacha, jozi inayotoa mwanga huu) hushuka, na kilele huhamia upande wa mawimbi marefu kwa nanomita kadhaa. Uga ukielekezwa kwenye a, mhamo huja polepole badala ya ghafla. Kwa kipimo hiki chagua kibanzi cha tabaka mbili au zaidi, kwa kuwa tabaka moja halina jirani wa kupatana naye na kilele chake hakihami hivyo.