Jiwe limelia, lakini si dhahabu

Wengi wanaoanza na ditekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, kule Geita hurudi jioni na mfuko mzito wa mawe meusi. Mimi nilitembea na jiwe moja wiki nzima, nimelifunga kwenye fulana, kumbe magnetaiti tupu, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Miamba ya Geita ina matabaka ya chuma, juu yake changarawe nyekundu. Mashine italia tu.

Isawazishe kwanza na udongo wa pale ulipo, na urudie kila ukihama.

1. Ikilia, pitisha koili (ile sahani ya chini ya mashine) pande zote mbili, kisha geuka upitishe kwa kukatiza. Metali hulia kwa ukali, palepale. Jiwe la chuma mara nyingi hutoa sauti pana isiyo na kitovu, na ukiinua koili kidogo inakufa.

2. Litoe jiwe ulipime mbali na shimo. Jiwe likiwa kimya na shimo bado linalia, endelea kuchimba!

3. Ning'iniza sumaku kwa uzi. Ikirukia jiwe, shuku magnetaiti.

4. Likwaruze mgongoni mwa tailizi, upande usiong'aa. Magnetaiti huacha mstari mweusi, hemataiti (madini mengine ya chuma) rangi ya damu ya mzee, dhahabu manjano.

5. Hapa ndipo nilipoumbuka. Pima jiwe kwenye mizani, kisha lipime likining'inia ndani ya maji, halafu gawa uzito wa kwanza kwa tofauti. Jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Langu lilikuwa gramu 260, majini 210. 260 kwa 50 ni 5.2, magnetaiti hiyo. Jiwe jeupe la kwatsi tupu ni 2.65, dhahabu safi 19.3. Kwatsi ikikupa 3.5 na sumaku haiitaki, usiitupe. Itwange, uoshe kwenye karai.

Maswali

*Mkuu, langu linang'aa manjano ila mashine iko kimya.*
Huenda ni pairaiti, madini ya manjano yanayofanana na dhahabu. Gonga chembe kwa nyundo: pairaiti hupasuka na kuwa unga, dhahabu hubonyea.

*Jeusi, zito, sumaku imeling'ang'ania. Kimondo?*
Kama uko karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, hakikisha kwanza si gololi yake iliyochakaa. Kisha piga msasa kona moja. Kimondo cha chuma, kama kile cha Mbozi cha tani 16 hivi, ndani ni chuma cheupe chenye nikeli. Magnetaiti hubaki nyeusi.

*Jiwe lenye chuma haliwezi kuwa na dhahabu?*
Linaweza, na Geita ipo hata kwenye miamba hiyohiyo ya chuma. Kwa hiyo sumaku peke yake isikufanye utupe jiwe. Vunja moja, twanga, osha.