Kabla hujapanda mkoko, fuata maji

Kila masika yakikaribia napigiwa simu na vikundi vya vijana: "Tumepata miche, tupande wapi?" Swali hilo huja likiwa limechelewa. Miche ni ya mwisho kabisa katika kazi hii. Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Tulikusanyana watu wengi, tukachomeka mikoko kwenye mchanga ulio mbele ya kijiji, kwa kuwa palikuwa peupe na hapakuwa na tope la kuzamisha miguu. Kusi lilipoanza kuvuma, mawimbi yaliing'oa safu kwa safu. Iliyosalia ilivamiwa na yale magamba madogo makali yanayoganda kwenye ngalawa, ikaelemewa, ikalala. Akina mama walikuwa wamebeba mbegu zile kichwani asubuhi nzima. Sitaki jasho la mwingine lipotee hivyo.

Hatua ya 1: Uliza kwa nini mti haupo

Mikoko hudondosha mbegu zake yenyewe na maji huzisambaza bure. Ukiona mahali karibu na msitu mzima pamebaki uwazi miaka nenda miaka rudi, pana sababu. Waulize wazee kama paliwahi kuwa na miti na iliondokaje. Ghuba ya Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Mahali palipokatwa tu, mbegu zinaweza kutosha. Palipofukiwa, ardhi yenyewe imepanda juu, na aina iliyokuwapo zamani huenda isikae tena.

Kisha pima. Njia ninayoitumia haina gharama. Siku ya bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa kabisa na kutulia, mtu mmoja asimame na ufito ndani ya msitu ulio hai, mwingine asimame pale peupe. Mpigiane mbinja na kusoma kina kwa wakati mmoja. Uso wa bahari uliotulia ndio pimamaji yenu. Msituni yakifika magotini na kwenye uwazi yakifika kifuani, pale ni chini mno, mche utazama na kuoza. Yasipofika kabisa, tafuta kilichoyazuia: tuta la shamba la chumvi, barabara isiyo na kalvati, au mkondo uliozibwa na magogo na taka. Zibueni. Mkifungua mkondo na msitu wa mbegu uko jirani, subirini kwanza mwaka mmoja. Mara nyingi bahari inapanda vizuri kuliko sisi.

Hatua ya 2: Ruhusa

Kenya, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo huwezi kujiingilia tu. Pitia chama cha jamii cha misitu cha eneo lako, nacho kikupeleke kwa Huduma ya Misitu (KFS). Tanzania Bara nenda kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kamati ya wavuvi, BMU, nayo iketi nanyi mapema, kwani wao ndio wanaojua madau yanapita wapi na wanawake wanaokota chaza wapi. Ukipanda juu ya njia ya dau, utang'olewa, na aliyeng'oa hatakuwa na kosa.

Hatua ya 3: Mti upi, mahali gani

Mikoko ni jina la jumla la miti ya aina nyingi, na mkoko wenyewe ni aina moja tu; usiuchukue kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuchomeka. Upande wa bahari hukaa mlilana. Nyuma yake, penye tope laini na kandokando ya hori, ndipo pa mkoko na msinzi. Ukiendelea kupanda kuelekea nchi kavu unakuta mkandaa, kisha mchu, ambao huvumilia chumvi kali kuliko wenzake. Mchu pia utaukuta mbele baharini pamoja na mlilana. Tembea msitu wa jirani kutoka majini hadi nchi kavu, uige mpango wake.

Hatua ya 4: Mbegu

Mbegu ya mkoko ni kama fimbo ya kijani inayoning'inia. Angalia shingo, pale fimbo inapokutana na tunda. Ikishafanya pete ya njano na kuachia kwa kuguswa, imeiva. Ukilazimika kuivuta, iache. Tupa iliyotobolewa na wadudu au iliyokauka ncha. Weka zilizobaki kivulini, zifunike kwa gunia bichi, na uzipande ndani ya siku chache.

Mchu na mlilana mbegu zao ni ndogo, kaa huzimaliza na maji huzichukua, kwa hiyo zianzishie kitaluni, kwenye mifuko ya tope la mikokoni, mahali panapofikiwa na maji ya chumvi.

Hatua ya 5: Kupanda

Panda bamvua linapoanza kupungua, ili miche ipate siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, za kushika. Nyuma kabisa, kwa mchu na mkandaa, subiri mvua. Fimbo ya mkoko iingie theluthi moja tu, chipukizi likitazama juu. Nimewahi kuona zimepandwa kichwa chini, kwa hiyo mwonyeshe kila mgeni. Mita moja kwa mita moja inatosha.

Hatua ya 6: Kuni za nani?

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Mama anayepikia kuni za mkandaa na fundi anayetafuta boriti hawatazuiwa na kibao. Pandeni mvinje nchi kavu, tangu mwaka wa kwanza, ili pawe na cha kukata. Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni ulioanza 2013, unauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti imeihifadhi, kutokana na hekta 117, na nyingi kati ya hizo ni msitu wa asili uliolindwa. Pesa zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Ndiyo maana huko mlinzi wa msitu ni kijiji kizima. Wenye mbuzi na ng'ombe nao waiteni mkutanoni, maana majani ya mchu ni malisho matamu.

Hatua ya 7: Hesabu

Zungushia kamba vipande vichache vya mita 10 kwa 10. Hesabu miche hai baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, halafu kila mwaka. Andika na ile iliyojiotea, katika safu yake. Ikiota mingi, acheni kupanda hapo, hata kama mmeshaahidiwa miche zaidi. Ikifa mingi mahali pamoja, msijazie upya. Chukueni ufito, mngoje bamvua lijalo, mpime kina tena.