Kuendesha Yamaha DT 175 ya zamani kwenye njia za milimani bila kuinokisha

Mtu aliyekulia karibu na misheni au ofisi ya bwana mifugo anaujua mlio wa DT 175: silinda moja ya cc 171 inayopozwa na upepo, na moshi wa buluu nyuma. Tairi ya mbele ya inchi 21 inapanda juu ya mawe na mizizi bila kugoma, na kiki yake inawasha hata pikipiki ikiwa kwenye gia, mradi umeshika klachi. Kwa njia za ng'ombe na mapito ya mlimani bado ni chombo kizuri sana. Ila aliyezoea boda za mipigo minne akiiendesha vilevile ataiua kwa kuinokisha, yaani pistoni kukwama ndani ya silinda, na mara nyingi ataiulia kwenye mteremko, pale anapodhani injini inapumzika.

Sababu ni hii. Injini ya mipigo miwili haina oili iliyotuama chini ya kranki. Oili inaingia pamoja na petroli, inalainisha beringi, konrodi, pistoni na ringi, kisha inaungua na kutoka kwenye ekzosi. Ile unayomwaga kwenye gia boksi ni ya gia na klachi tu. Petroli ikipungua kuingia, oili nayo inapungua, na ule ubaridi ambao petroli huupa kichwa cha pistoni unaondoka.

Oili

Tumia oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) yenye alama ya JASO FC au FD kwenye chupa. Ukanda wa pwani madukani kumejaa oili ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3. Hiyo imetengenezewa injini zinazopozwa na maji. Silinda ya DT inapata joto kubwa zaidi, kwa hiyo iache kwa wavuvi hata kama ni rahisi.

DT nyingi zilitoka kiwandani na pampu ya oili, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube. Kabla ya kuiamini pampu ya miaka thelathini, hakikisha mpira unaotoka kwenye tangi la oili haujapasuka wala kuziba. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, acha oili itiririke mpaka mapovu yaishe, kisha ikaze. Povu moja refu ndani ya mpira linatosha kuinyima injini oili kwa kilomita kadhaa. Ukishaigusa pampu kwa namna yoyote, tangi la kwanza la petroli litie pia oili ml 20 kwa kila lita. Itatoa moshi mwingi, lakini utakuwa na uhakika.

Ikiwa pampu imeondolewa, changanya mwenyewe kwa uwiano wa 32 kwa 1: ml 31 kwa lita moja, ml 94 kwa lita tatu, ml 156 kwa lita tano. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikadirie kwa kifuniko. Tia nusu ya petroli kwenye dumu, kisha oili, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Wapo wanaomwaga oili mara mbili "kwa usalama". Oili hiyo inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli chache kuliko hewa inayohitajika), na joto linapanda badala ya kushuka.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo DT kuukuu nyingi zinapofia, na hapa ndipo mafundi wengi hawaangalii. Injini ya mipigo miwili inavuta hewa na petroli kupitia chumba cha kranki. Ufa wowote unaoingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta unaukausha mchanganyiko.

Anza na mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ukunje kwa vidole. Jua la miaka huufanya upasuke kwa ndani ya mikunjo, mahali ambapo huoni ukiutazama tu. Halafu fikiria sili mbili za kranki. Sili ya upande wa sumaku ikikauka, injini inapanda mzunguko yenyewe na inakataa kushuka ukifunga aksileta. Wengi hujibu kwa kulegeza skrubu ya mzunguko wa chini, na hapo wameificha dalili huku ugonjwa uko palepale. Sili ya upande wa klachi ikiharibika, injini inanyonya oili ya gia boksi: moshi mzito mweupe usiokoma, na kipimo cha oili ya gia kinashuka bila kuvuja chini.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma polepole na haijapata moto sana, nyunyiza maji kidogo yenye sabuni kwenye maungio ya kabureta na tako la silinda. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Sili ya upande wa sumaku iko nyuma ya sahani ya koili, kwa hiyo kuifikia lazima uvue sumaku kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Usiipige nyundo.

Chujio la hewa ni la sponji. Lioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, likauke kabisa kivulini, lipake oili ya chujio na kulikamua bila kulisokota. Petroli hula gundi ya sponji. Paka grisi kwenye ukingo wake, maana vumbi jekundu likipenya hapo linasaga ringi kama msasa.

Jeti na mwinuko

Hewa ya juu ni nyepesi. Pikipiki iliyowekwa sawa Tanga itapiga kwikwi na kulowesha plagi ikifika milima ya Usambara; punguza jeti kuu kwa saizi moja au mbili. Huo ni usumbufu tu. Hatari iko upande wa pili: pikipiki iliyowekewa jeti ndogo kwa ajili ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ikishuka Mombasa na jeti ileile inaenda kavu, na ukiivuta muda mrefu kwenye lami itanoki. Rudisha jeti kubwa kabla ya kushuka.

Soma plagi baada ya kuvuta mafuta kwa nguvu na kuzima ghafla. Rangi ya kahawa ni salama. Nyeupe kama chaki ni kavu, simama usiendelee. Nyeusi na mbichi ina mafuta mengi au plagi ni ya aina ya baridi mno. Mwanya uwe mm 0.6 hadi 0.7.

Kuwasha na kuendesha

Pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda ya chuma. Ukivuta mafuta kwa nguvu injini ikiwa baridi, pistoni inabana kabla silinda haijaifuata, na utaikuta na mikwaruzo pande nne. Iache iungurume dakika mbili au tatu, kisha endesha kilomita ya kwanza taratibu.

Porini simama kwenye vikanyagio, bana tangi kwa magoti, weka vidole viwili kwenye klachi muda wote. Nguvu ya injini hii iko katikati na juu. Chini haina kitu. Kilima kikali kianze na gia sahihi na mzunguko tayari umepanda, na mlio ukianza kuzama saidia kwa kuteleza klachi kidogo badala ya kubadili gia katikati ya mawe. Baada ya mwendo mrefu wa polepole oili hujikusanya ndani. Tafuta mahali palipo wazi uvute mpaka moshi upungue.

Sasa mteremko. Ukitoka Lushoto kwenda Mombo unashuka kona baada ya kona, na mazoea ni kufunga aksileta na kuiacha gia ishike. Kwa petroli iliyochanganywa, mzunguko uko juu huku karibu hakuna oili inayoingia. Yenye pampu inapata kidogo, lakini nayo iko kwenye kiwango chake cha chini. Shika klachi kila baada ya sekunde chache, fungua aksileta kwa mguno mfupi, iachie. Kazi ya kusimamisha waachie breki, na zile za ngoma zipumzishe kabla hazijaanza kunuka.

Mlio ukigeuka kuwa mwembamba wa bati, au nguvu ikififia bila sababu, kamata klachi papo hapo. Injini imeanza kushika. Isubiri nusu saa ipoe, toa plagi, tia oili ya 2T kijiko kimoja, isukume kiki kwa mkono. Ikizunguka bila kukwaruza unaweza kurudi nyumbani polepole, lakini usitoke tena kabla hujajua chanzo.

Mtoni

Vuka kwa miguu kwanza. Maji yakizidi goti, tafuta pengine. Pita na gia ya kwanza, mwendo wa sare. Ikizama na kuzima, usipige kiki: maji hayashindiliki, na konrodi inaweza kupinda.

1. Funga koki ya petroli, zima swichi, toa plagi.
2. Isimamishe kwa gurudumu la nyuma mpaka ekzosi iishe maji.
3. Mwaga bakuli la kabureta, kamua chujio.
4. Igeuze juu chini, piga kiki plagi ikiwa nje mpaka tundu la plagi litoe mvuke mkavu.
5. Tia plagi kavu, fungua koki, washa.

Oili ya gia ikigeuka rangi ya maziwa, ibadilishe siku hiyohiyo. Breki za ngoma zikaushe kwa kuzigusa kidogo ukiwa unatembea.

Vya kubeba

Plagi mbili na spana yake, kiungo cha cheni, waya wa klachi, oili ya 2T nusu lita na bomba la sindano, pampu, tairi leva, na tyubu moja ya inchi 21, ambayo kwa dharura inaingia hata kwenye rimu ya nyuma ya inchi 18. Upepo psi 15 hivi kwenye udongo, 18 kwenye mawe ili tyubu isibanwe na rimu.

Ukirudi, funga koki injini ikiwa inaunguruma na uiache izime yenyewe. Petroli ikibaki kwenye bakuli itakauka na kuacha utando wa oili unaoziba jeti ndogo ya chini, na Jumamosi ijayo utapiga kiki mpaka goti liume.